Mguu wa Kushoto

Jumamosi ya mwisho ya Novemba mtaa wa Restrepo, kusini mwa Bogotá, huwa haupitiki. Jiji zima hukumbuka siku hiyo hiyo kwamba Krismasi inakuja na miguu haina cha kuvaa. Marisela Quiroga alisukumwa na umati, akakanyagwa, mvua ikamwagika, na bila kuchagua akajikuta ndani ya mlango mwembamba unaonuka ngozi na gundi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, nywele nyeusi kazifunga harakaharaka kwa bendi ya mpira. Juu ya sare yake nyeupe ya kazini alivaa koti la sufu la kahawia lililokosa kifungo kimoja.

"Karibu, jirani," ilisema sauti kutoka nyuma ya meza. "Usikae kwanza. Rudi mlangoni, halafu tembea uje."

"Nimekuja kununua viatu, sijaja kukaguliwa."

"Huku ndiko kuvinunua kwenyewe. Tembea basi, usinione hivi, mimi siumi."

Marisela alitembea, nusu kwa hasira, nusu kwa sababu nje mvua ilikuwa inapiga kama imetumwa. Mwanamume aliyesimama pale alikuwa na aproni ya ngozi, shati la mirabamiraba lililokunjwa mikono, na vidole vyeusi kwa rangi ya viatu. Jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni: Fabio Tunjano, fundi.

"Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje," akasema. "Unasimama kutwa nzima umeegemea mguu mmoja, kama mtu anayetaka kuondoka na hajapewa ruhusa."

Marisela alikiangalia kisigino chake. Mwaka wa tatu sasa alikuwa anataka kuondoka, na hakuna aliyewahi kumgundua, si mama yake, si wenzake wa kazini. Leo anakuja mtu kumsoma kwenye soli! Hakupenda kuonwa hivyo, kwa hiyo akalipiza.

"Na wewe bega lako la kulia limepanda mpaka sikioni. Huwezi kulalia upande huo. Ukitaka kugeuza shingo unageuka mwili mzima, kama watu wanaohamisha kabati."

Fabio alicheka, akajaribu kugeuza shingo, akageuka mwili mzima.

"Mwe! Nani kakwambia?"

"Bega lenyewe. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, bwana. Natembeza watu walioanguka."

"Basi Mungu kakuleta mlango sawasawa. Vua viatu."

Alimsimamisha juu ya karatasi ya khaki, akapiga magoti, akachora nyayo zake kwa penseli, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Pembeni akaandika jina na tarehe. Alimuuzia viatu vyeupe vya kazi siku ile ile, lakini ile karatasi hakuitupa.

"Kwa hii nitakutengenezea vingine. Vya rangi ya divai, vya kuchezea dansi."

"Sichezi mimi."

"Utacheza. Nipe namba ya simu, nikujulishe vikiwa tayari."

Havikuwa tayari Desemba nzima, na hapo ndipo mapenzi yalipopata njia. Kila alipopiga simu, Marisela aliuliza swali moja.

"Viatu vyangu viko wapi, fundi?"

"Soli bado inakauka, daktari wangu."

"Soli gani inakauka wiki tatu? Umeitengeneza kwa ukungu?"

"Nikivimaliza utavichukua, hutarudi. Unanionaje, mjinga?"

Wakakutana kila Jumapili, wakinywa chokoleti ya moto yenye kipande cha jibini kinachoyeyuka ndani ya kikombe. Marisela alilifanyia kazi bega la Fabio mpaka likashuka, na Fabio akamshonea kifungo cha koti. Alimtania, akamchekesha, akamwita majina hamsini. Lakini jina alilolipenda kuliko yote lilikuwa lile linalomwumiza Marisela bila Fabio kujua.

"Lete hiyo mikono," alikuwa akisema, akibusu kidole kimoja kimoja. "Mikono inayoinua watu."

Laiti angejua! Mikono hiyo ilikuwa imekufa ganzi, si ganzi ya damu, bali ya moyo. Katika kliniki ya Los Urapanes, Marisela alipewa wagonjwa wanne kwa kila nusu saa. Mmoja anawekwa vifuko vya moto mgongoni, wa pili anafungwa waya za mashine, wa tatu anaendesha baiskeli isiyokwenda, na wa nne ndiye anayeguswa, dakika saba, nane akibahatika. Kisha wanne wengine. Kabla ya kuwaita, lazima aandike kwenye kompyuta maelezo ya wale waliotoka, na bila maelezo bima haiyatambui matibabu. Miaka ya mwanzo aliandika kila mtu na lake. Mwaka wa sita akaanza kuyafupisha. Mwaka wa tisa akagundua alichokigundua kila mtu pale: ukinakili ya jana ukaibandika leo, hakuna anayeuliza. *Mgonjwa anavumilia tiba. Hana maumivu. Anaendelea vizuri.*

Nyumbani alikula amesimama. Asubuhi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akiitazama robo saa. Wagonjwa walimweleza habari za wajukuu wao naye akaitikia "ehee, ehee", bila kusikia neno. Lililomtisha ni kwamba hakuwachukia. Hakuwa na kitu chochote juu yao, kizuri wala kibaya. Mtu wa kwanza aliyemfanya asikie kitu baada ya muda mrefu alikuwa fundi yule wa viatu, na angemwambiaje kwamba mikono anayoibusu haina mtu ndani?

Hakumwambia. Kosa la kwanza ndilo hilo.

Januari mama yake Fabio aliteleza bafuni, akavunjika nyonga ya kushoto. Bi Ercilia alikuwa na miaka sabini na mitatu, mwanamke mfupi, mkali wa ulimi, mwenye kusuka nywele zake nyeupe mikia miwili kama msichana wa shule. Walimfanyia upasuaji, na bima ikatoa kibali cha vipindi kumi vya tiba. Fabio alipiga simu siku hiyo hiyo.

"Nimewaambia simtaki mtu mwingine. Nimesema mama yangu atashikwa na Marisela Quiroga, basi."

"Fabio, mpenzi wangu, kuna wenzangu wazuri. Nubia pale ni mzuri kuliko mimi."

"Mzuri kuliko wewe? Acha zako! Au humtaki mkweo?"

Alicheka. Marisela naye akacheka, akasema haya, mlete. Ulimi hauna mfupa.

Fabio alimtengenezea mama yake kiatu cha kushoto chenye soli iliyoongezwa, kwa kuwa mguu ule baada ya upasuaji ulikuwa umefupika kidogo. Bi Ercilia alikuja nacho, ameshika mkongojo kama silaha.

"Ndiye wewe uliyemrudisha mwanangu akawa anaimba bafuni?" aliuliza siku ya kwanza, wagonjwa wengine wakisikia. "Basi na mimi nitengeneze haraka, nataka kucheza harusini. Na nyie mnakawia! Ukungu utaota."

"Bi Ercilia, inua goti kwanza, harusi baadaye."

"Naliinua. Wewe inua moyo, mwanangu. Unaonekana umechoka."

Alimletea arepa, vimikate vya mahindi vyenye jibini, zilizofungwa kwenye kitambaa. Vipindi vitatu vya kwanza Marisela alijitahidi kwa kweli, alimpa dakika kumi, kumi na mbili, akiwaibia wengine. Kipindi cha nne mwenzake mmoja aliacha kazi, wagonjwa wake wakagawiwa waliobaki, na badala ya wanne wakawa watano. Tangu hapo Bi Ercilia akawa mmoja wa watano.

Kipindi cha saba kilikuwa Jumanne. Marisela alikuwa na kifuko cha moto mkono mmoja na waya za mashine mkono mwingine. Simu ya mapokezi ilikuwa inalia.

"Mwanangu," Bi Ercilia akasema polepole, bila utani, "kigimbi hiki kinawaka moto. Tangu jana."

"Ni misuli hiyo, Bi Ercilia. Imeanza kuamka."

"Kimejaa, unaona? Soksi inakaba."

Aliiona. Soksi nyeusi ilikuwa imechora mstari kwenye nyama ya mguu. Kuinama, kuzungusha mkono kwenye kile kigimbi, kulinganisha na cha upande wa pili, ni kazi ya kupepesa macho. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angejua la kufanya: mwenye upasuaji wa nyonga, mguu umejaa, una joto, mpeleke hospitali sasa hivi. Marisela alijua vilevile. Ujuzi ulikuwepo kichwani, mahali pake, safi, lakini mtu wa kuuchukua hakuwepo.

"Ukifika nyumbani uunyanyue juu ya mto," akasema, na akaenda kupokea simu.

Kisha akanakili ya wiki iliyopita, akabandika. *Hana maumivu. Anaendelea vizuri.*

Ijumaa asubuhi, Bi Ercilia akiwa ameketi jikoni anamenya viazi vya supu ya ajiaco, damu iliyoganda mguuni ilipanda ikaziba mapafu. Fabio alimkuta kisu kikiwa bado mkononi.

Msibani Marisela alivaa nguo nyeusi ya kuazima, akaketi kando ya Fabio siku zote tisa za sala. Fabio alimshika mkono mbele za watu wote. "Afadhali alikuwa na wewe siku zake za mwisho," alimwambia. "Afadhali kulikuwa na mikono ya kumpenda." Marisela alitaka kusema. Kila jioni alijiambia ni leo, na kila jioni shangazi mmoja alipita na kahawa, na ile nafasi ikafungwa. Usimlaumu haraka, msomaji. Ni wangapi kati yetu tungesema?

Wiki ya tatu Fabio aliomba faili la mama yake pale kliniki. Hakuwa anatafuta ushahidi, masikini ya Mungu. Alikuwa na hamu tu ya kusoma habari za mama yake, kama mtu anavyotafuta barua. Saa tisa mchana simu ya Marisela ililia.

"Nakusomea kitu," Fabio akasema. Sauti yake ilikuwa tambarare. "Kipindi cha nne. 'Mgonjwa anavumilia tiba. Mazoezi ya mguu wa kulia. Hana maumivu. Anaendelea vizuri.'"

"Fabio..."

"Cha tano. 'Mazoezi ya mguu wa kulia. Hana maumivu. Anaendelea vizuri.' Cha sita. Nisome na cha sita, au unakijua kwa moyo?"

"Nisikilize kwanza."

"Mguu wa kulia, Marisela! Mimi nilimshonea kiatu cha kushoto kwa mikono hii. Ulimtazama au hukumtazama? Huyu ni mama wa nani uliyemwandika humu?"

Alikuwa mama wa mtu mwingine, mwanamke wa mtaa wa Bosa aliyekuwa anatibiwa saa ile ile. Maelezo yake ndiyo yaliyonakiliwa yakaingia kwenye faili la Bi Ercilia, na baada ya hapo yakajizaa yenyewe. Marisela alieleza hivyo, kwa maneno yaliyovunjikavunjika. Kadiri alivyoeleza ndivyo lilivyozidi kunuka, na la kuvunda halina ubani.

"Nilidhani unampenda," Fabio akasema. "Nilidhani unanipenda." Simu ikakatika.

Miezi miwili na nusu hawakuwasiliana. Marisela alirudisha sare. Daktari alimwandikia kwamba amechoka na kazi kiasi cha kuugua, akampa miezi ya kupumzika, naye akaitumia kulala na kuutazama mvuke kwenye kioo cha dirisha. Watu wanadhani uchovu ni usingizi uliokosekana, ukilala unaisha. Alilala wiki tatu, akaamka nao. Kilichorudi kwanza hakikuwa nguvu, kilikuwa machozi, siku moja, mbele ya kitambaa cha arepa alichosahau kukirudisha. Alilia mpaka jirani akagonga ukuta, na katikati ya kilio chake akashangaa kwamba anasikia kitu.

Mwezi wa Mei, Jumamosi, simu ililia.

"Viatu vyako viko tayari," Fabio akasema.

Alikwenda. Alivaa lile koti la kahawia, na nywele safari hii alizichana vizuri. Restrepo ilikuwa tulivu, mvua nyembamba ya Mei imeloweka kila kitu. Ndani ya karakana Fabio alikuwa ameweka vikombe viwili vya chokoleti, na jibini kwenye kisahani. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na amekonda. Bega lilikuwa limepanda tena.

"Kaa," akasema. "Leo hutembei."

Wakanywa. Kisha Fabio akazungumza, macho yakiwa kwenye kikombe.

"Nubia wa kliniki alikuja kununua buti. Akanieleza mnavyofanya kazi. Sikumwamini, nikaenda mwenyewe, nikasimama nje ya lile dirisha lenu. Kuna msichana mahali pako sasa. Nilimhesabia wagonjwa. Nikajaribu kuwaza mimi nishone viatu vitano kwa nusu saa, vya watu watano, kutwa nzima, miaka tisa. Hata mimi ningemshonea mtu viwili vya kulia."

"Fabio, usinitafutie sababu."

"Sitafuti. Nimechoka kukasirika, ndilo ninalokwambia. Ulipaswa kuniambia umechoka. Mimi nilikuwa nabusu mikono kama mpumbavu, kumbe mwenyewe unazama." Aliinua macho. "Chumba cha juu kina dirisha la mashariki, linapata jua. Nimekipaka rangi. Nataka uhamie, Marisela. Kwa heshima zote, kwa padri, ukitaka. Mama alitaka kucheza, si atacheza huko aliko."

Marisela alihisi moyo unapiga mpaka kwenye meno. Chumba chenye jua. Mwanamume huyu, sauti hii, kila asubuhi. Ilimbidi aseme neno moja tu.

"Maana mwenye kosa hasa," Fabio akaendelea, akitabasamu kwa huzuni, "ni mwenyewe bibi yule. Nimelala nikiliwaza hilo. Daktari wa hospitali aliniambia mguu lazima ulikuwa umejaa siku kadhaa, lazima ulikuwa unauma. Na hakusema! Si kwangu, si kwako. Jeuri yake ile. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hapo ndipo ninapomkasirikia, na unakasirikaje na marehemu?"

Nje gari lilipita likirusha maji. Marisela aliweka kikombe chini, kwa uangalifu, katikati ya kisahani. Angenyamaza, angekuwa na kila kitu, na yule bibi wa mikia miwili angebaki kaburini na jeuri ambayo hakuwa nayo.

"Hakuficha," akasema.

"Nini?"

"Mama yako hakuficha. Aliniambia mimi. Jumanne ile. Alisema kigimbi kinawaka moto, kimejaa, soksi inakaba. Nilimwambia ni misuli. Nikaenda kupokea simu."

Fabio hakusogea. Alionekana kama mtu aliyeulizwa njia na yeye mwenyewe mgeni. Akauliza, kwa sauti ndogo:

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Kwa hiyo ulimtazama."

"Nilimtazama. Niliona. Nilijua ni nini, Fabio. Nilijua, na sikuinama."

Fabio alifunika uso kwa vile vidole vyeusi. Alilia bila sauti, bega lile bovu likitikisika. Marisela alijizuia kumgusa, na kujizuia huko kulimwuma kuliko chochote alichowahi kukiinua. Hatimaye alisimama, akafunga koti, vifungo vyote.

"Ngoja," Fabio akasema.

Alifuta uso kwa aproni iliyoning'inia ukutani. Akatoa boksi chini ya meza. Viatu vilikuwa vya rangi ya divai, kisigino cha wastani, mshono mdogomdogo mweusi umezunguka ukingo, na ndani ya kila kimoja kipande cha ile karatasi ya khaki, yenye jina na tarehe ya Novemba. Akapiga magoti, akamvalisha cha kulia, kisha cha kushoto, akafunga kamba, hakumtazama usoni.

"Havitamwenea mtu mwingine," akasema. "Nitavifanyia nini?"

"Fabio, nisamehe."

"Siwezi. Leo siwezi. Usiniulize lini." Alibaki amepiga magoti, mkono juu ya kiatu cha kushoto. "Lakini umenirudishia mama yangu. Nilikuwa namgombeza kila usiku." Akakigusa kisigino kwa dole gumba. "Hiki kitalika upande wa nje, unavyosimama. Kikiisha, usipeleke kwa fundi mwingine. Kilete."

"Kinaisha baada ya muda gani?"

"Mwaka. Mwaka na nusu. Inategemea unatembea kiasi gani."

Marisela alitoka. Kituoni basi la kwenda kwao lilikuwa limesimama, mlango wazi, viti vingi vitupu. Alilitazama kidogo, akaliacha liondoke, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea nyumbani, maili nne kwenye mvua. Kesho yake pia alitembea na viatu vile vile, na siku iliyofuata.